Sehemu ya 6: Kabla hujanunua kamera ya kupigia video

Mama zangu wa Mkwaja, na nyie wa Sange na Kipumbwi mnaonisoma, wiki hii swali limekuwa moja: "Nesi, ninunue kamera gani ya kuchomeka kwenye laptopu?" Mmoja anauza vikoi kwa video. Mwingine baba watoto yuko Dar, anataka kumwona mwanawe vizuri. Wa tatu anataka anionyeshe mtoto usiku bila kuhangaika na bodaboda.

Wengi wenu msinunue. Wauzaji watanisamehe.

Mnauziwa namba: 720p, 1080p, 4K. Ni wingi wa vidoti kwenye picha. 1080p ina vidoti karibu milioni 2, na 4K ni mara nne yake. Sasa picha hiyo lazima ipite kwenye mtandao, na mtandao ukisuasua programu inaibana ipite hivyo hivyo. Umelipia 4K, Dar wanaona ukungu. Pesa hiyo ni bando la miezi mingapi, shoga?

Simu yako inatosha. Tumia kamera ya nyuma, kwa simu nyingi ndiyo nzuri kuliko ya mbele. Futa kioo chake, maana mafuta ya nazi ya mtoto yako pale tangu juzi. Egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, ukae umelitazama dirisha. Ukilipa mgongo unaonekana kivuli tu. Anayeshinda kwenye laptopu kwa vikao au kufundisha, huyo anunue, na 1080p inamtosha kabisa. Achague yenye kifuniko, na aijaribu pale pale dukani kabla hajatoa pesa.

Yule wa tatu ndiye aliyenifanya niandike.

Kamera hujirekebisha rangi yenyewe. Chini ya balbu ya njano mtoto mzima anaweza kuonekana ana manjano, na mwenye manjano akaonekana mzima. Kwa hiyo mimi rangi ya mtoto siisomi kwenye simu, hata uwe na kamera ya bei gani. Manjano yakianza ndani ya saa 24 tangu azaliwe, au yakifika viganjani na kwenye nyayo, mlete. Viganja vikiwa vyeupe kama havina damu, mlete.

Kuhesabu pumzi kwa video nako kuna shida: picha ikiganda sekunde 5 hesabu imeharibika. Hesabu mwenyewe. Mtoto ametulia, halii, kifua wazi, dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Hesabu tena, ikirudi ile ile mlete. Miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Na ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usingoje hesabu yangu wala ya mtu yeyote.

Asiyenyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea haamki vizuri: huyo hapigiwi video. Mnaondoka naye. Nipigie kawaida mkiwa njiani. Kufika hospitali ya wilaya Pangani kutoka kwetu ni safari, na usiku ni nauli. Ndiyo maana nawasumbua na hizi pesa za kamera. Ziwekeni kwenye mkebe, ziwe nauli ya mtoto.

Sisemi video haina faida. Nionyeshe anavyoshika titi, nikuelekeze ukiwa umekaa kitandani kwako. Nionyeshe upele mchana, tujue kama unaweza kusubiri kliniki ya kesho. Ila mtoto uchi usimrekodi, wala usimrushe kwenye grupu la ukoo, hata bibi yake akiomba.

Na wewe wa vikoi, yale ya rangi yanakuhusu pia. Mteja akipokea kikoi cha bluu alichokiona cha kijani atakurudishia mzigo. Piga video barazani asubuhi, mbali na balbu, na umtajie rangi kwa mdomo. Ukiwa nacho cha zambarau niwekee kimoja, nitapita Jumamosi.