Herufi Kubwa na Haki ya Mtunzi

Kumezuka katika tasnifu na makala za uhakiki mtindo wa kuyaandika kwa herufi kubwa maneno yaungayo majina ya watu: ‘Ngũgĩ Wa Thiong’o’, ‘Muyaka Bin Haji’, ‘Mwana Kupona Binti Msham’. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dogo, la mpiga chapa wala si la mhakiki. Sivyo hata kidogo.

‘Wa’, ‘bin’ na ‘binti’ si majina. Ni maneno ya uhusiano, yanayoeleza nani ni mwana wa nani. Thiong’o ni jina la baba yake Ngũgĩ, wala si la ukoo. Herufi kubwa huligeuza neno la uhusiano kuwa sehemu ya jina, na hapo jina la mzazi hudhaniwa kuwa la ukoo kwa kaida ya Kizungu. Ndipo mtunzi huorodheshwa katika marejeleo chini ya ‘Wa Thiong’o’ au ‘Bin Haji’.

Dhuluma hii huwaelemea zaidi wanawake. Utendi wa mwaka 1858 ulitungwa na Mwana Kupona, mama aliyemuusia bintiye, Mwana Hashima. Mhakiki aandikapo ‘Binti Msham (1858)’, mtunzi hana jina tena. Amebaki kuwa mtoto wa fulani. Akiandika ‘Msham’, basi utendi umerithishwa kinyumenyume, kutoka kwa binti hadi kwa baba asiyeutunga.

Watetezi wa mtindo huu hudai kwamba ndivyo wafanyavyo Wazungu. Dai hili halina msingi. Waholanzi huandika ‘Vincent van Gogh’ kwa herufi ndogo, na ‘Van Gogh’ kwa herufi kubwa pale tu jina la kwanza linapoachwa. Tena hilo ni jina la ukoo lililorithiwa. ‘Binti Msham’ silo.

Ni kweli kwamba zipo koo ambazo ‘bin’ imekwisha kuwa sehemu ya jina lao, na mwenye jina ndiye mwamuzi wa maandishi yake. Lakini panapotajwa uhusiano wa mwana na mzazi, herufi ndogo itumike, na mtunzi aorodheshwe kwa jina lake mwenyewe: Ngũgĩ, Muyaka, Mwana Kupona. Mhakiki anayeshindwa kumtambua mwenye kazi ataihakiki vipi kazi yenyewe?