Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali tunayoipoteza kizembe kama elimu ya mimea. Mzee anayejua gome la kutuliza tumbo, jani la kukandia jeraha na mzizi wa kuogopwa anafariki. Tunamlilia, tunamzika kwa heshima, tunagawana shamba na ng'ombe wake, na hakuna anayeuliza yale aliyokuwa nayo kichwani yamekwenda wapi. Naye marehemu, Mungu amrehemu, hakukosa lawama, maana aliyaficha hata kwa wanawe wa kuzaa. Kijana naye ukimwuliza jina la mti ulio nyuma ya nyumba yao, hujibu bila haya kwamba ni mti tu. Vitabu vyetu vitakatifu vinatufunza kwamba baba yetu Adamu alitukuzwa kwa kuyajua majina ya viumbe. Sisi wanawe tunaona fahari kutoyajua.

Theophrastus, Mgiriki wa kisiwa cha Lesbos aliyezaliwa karibu mwaka 371 KK na kurithi shule ya Aristotle kule Athens, ndiye anayeitwa baba wa elimu ya mimea. Aliandika habari za mimea ipatayo 500. Lakini tazameni alivyozipata. Hakukaa barazani akabuni. Alikusanya maneno ya wakata miti wa Makedonia na wa mlima Ida, ya wachimba mizizi ya dawa, hata habari zilizoletwa kutoka India na watu wa msafara wa Alexander Mkuu. Someni alivyoueleza mtende: ule dume ukichanua, karara lake hukatwa na ua likiwa bado ndani, kisha ua na vumbi lake hukung'utwa juu ya matunda machanga ya mtende jike, nayo matunda hushika, hayapukutiki. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono ya wakulima. Ulaya ilingoja hadi mwaka 1694 ndipo Rudolf Camerarius, mwalimu wa Tübingen, alipoonyesha kwa majaribio kwamba mimea ina dume na jike. Mkulima wa mitende alikuwa amefanya kazi kwa ujuzi huo zaidi ya miaka elfu mbili! Basi asiyeuliza hana ajifunzalo, na ukuu wa Theophrastus ulikuwa katika kuuliza na kuandika.

Baada yake alikuja Dioscorides wa Anazarbus, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeandika vitabu vitano vya dawa katika karne ya kwanza. Yeye alisisitiza kwamba mwenye kutaka kuujua mmea lazima auone ukichipua, ukichanua na ukizeeka, kwa kuwa aliyeuona mara moja tu hudanganyika. Na hapa siwezi kuwapita wale wauza dawa wa stendi, wenye vipaza sauti na chupa moja ya kutibu kisukari, presha, ugumba na mikosi. Wengi wao hawajui hata mti wenyewe unaota wapi. Hao si warithi wa waganga wetu. Wanawachafulia jina wazee waliokuwa wakipima dozi kwa kucha ya kidole na kumwogopa Mungu.

Najua nitajibiwa kwamba siri ndiyo ugali wa mganga. Lakini Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Málaga nchini Hispania, alikuwa mkuu wa wataalamu wa mitishamba wa Sultani al-Kamil wa Misri. Kabla ya kufariki Damascus mwaka 1248 alikwisha kuandika waziwazi habari za dawa na vyakula vipatavyo 1,400, akiwataja kwa majina waliomtangulia. Je, alipungukiwa? Wenye siri wa zama zake hatuwajui hata mmoja, na yeye tunamtaja leo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya mwalimu ni kutajwa.

Wengine watasema tukiandika, wageni wataiba. Nasema kinyume chake: kinachochukuliwa kimyakimya ni kile kisicho na maandishi ya mwenyewe. Katika pwani ya Malabar, India, tabibu Itti Achudan alimfundisha gavana wa Kiholanzi, Hendrik van Rheede, mimea ya kwao. Ushahidi wa tabibu huyo umechapwa kwa jina lake katika juzuu ya kwanza ya kitabu cha gavana kilichotoka Amsterdam mwaka 1678. Hadi leo hakuna awezaye kumfuta. Sasa geukeni milima yetu ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la milima ile, na mwaka uliofuata likaitwa Saintpaulia. Linauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani, na jina lake halimtaji Msambaa yeyote.

Wapo pia vijana wasemao kila kitu kimo ndani ya simu. Ukiona vyaelea, vimeundwa: kilichomo kwenye simu kiliwekwa na mtu aliyemwuliza mtu. Kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1937 iliandikwa na P. J. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara, ambaye alikuwa mgeni hapa. Penye miti hapana wajenzi!

Nanyi si watu wa kushindwa. Ninyi ndio mlio na wazee hai, lugha hai na msitu mlangoni, vitu ambavyo wataalamu wa mbali huvisafiria kwa gharama. Basi mwalimu, mpe kila mwanafunzi daftari. Aandike jina la mti kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, unaota wapi, unachanua lini, una faida gani, una sumu gani, na nani kamwambia. Kijana, babu akikataa leo, rudi kesho na sukari na adabu. Na wewe mzee wangu, ulichopewa ni amana: ukizikwa nacho, umewadhulumu wajukuu zako.