Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya: Waranti Isiyovuka Maji

Kwako Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Remba, kisiwa cha mawe na mabati katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay. Hapa gari letu ni injini ya boti. Ndiyo inayotufikisha kwenye mbuta, na ndiyo inayomkimbiza mgonjwa hadi Mbita. Anayeacha mtumba akanunua injini mpya hulipa pesa nyingi zaidi kwa ajili ya kitu kimoja tu: waranti.

Yangu ilikuwa mpya, na kadi ya waranti ilipigwa muhuri mbele ya macho yangu. Haikukaa sana ikaanza kuchemka. Anayezijua mashine hizi akishaiwasha hugeuka kwanza kutazama maji yanayoruka kutoka ubavuni mwa injini, maana hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba pampu inavuta maji ya kupoza. Kwangu yalififia, yakawa matone, kisha king'ora kikalia na nguvu zikashuka zenyewe. Ikifika hapo ni lazima uzime, hata kama upepo umeshageuka na wingu limesimama upande wa Uganda.

Muuzaji, ambaye duka lake liko bara, akabadilisha pampu. Ikachemka tena. Akabadilisha thamostati. Ikachemka tena. Kila mara aliandika kwamba kasoro imeondolewa, na siku za waranti zikazidi kuliwa huku injini imelala dukani kwake nami nikilipa kuisafirisha. Sasa anasema muda umekwisha. Na lau ningempa fundi wa hapa kisiwani afungue hata boliti moja, angesema nimeivunja waranti mwenyewe. Mafundi wetu ni hodari, lakini kadi inamtambua fundi aliyeidhinishwa peke yake, na huyo hajawahi kukanyaga Remba.

Sheria tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameitaja, ikiwa ametegemea ujuzi wa muuzaji. Nilimtajia muuzaji kazi yangu ni uvuvi, naye ndiye aliyenichagulia injini. Na Sheria ya Ushindani ya 2010 imeikabidhi Mamlaka yako jukumu la kulinda maslahi ya watumiaji. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, lakini kila siku ninayokaa kortini bara ni siku ambayo nyavu hazikutupwa.

Pengo liko kwenye kasoro inayorudi. Afrika Kusini walilitazama jambo hili katika sheria yao ya watumiaji ya 2008: bidhaa ikirekebishwa chini ya dhamana ya kisheria, kisha kasoro ikabaki au nyingine ikazuka ndani ya miezi 3, muuzaji lazima abadilishe bidhaa au arudishe pesa. Hapa kwetu muuzaji anaweza kurekebisha na kurekebisha mpaka kadi ifikie mwisho wake.

Kwa hiyo naomba Mamlaka itoe mwongozo kwa wauzaji wa injini za boti. Siku ambazo injini iko mikononi mwa muuzaji zisihesabiwe kwenye waranti. Kasoro ileile ikirudi baada ya kurekebishwa, mnunuzi apewe injini nyingine au pesa zake. Anayeuza injini kwa watu wa visiwani aidhinishe fundi anayefikika visiwani, au agharimie usafiri mwenyewe. Na tuma maofisa wako waje Remba, Ringiti na Mfangano wazisome kadi zetu za waranti pamoja nasi, kisha wawaite wauzaji waeleze.

Wako,
Mvuvi na mwenye boti, Remba