UCHI WA MWENZAKO SI BIASHARA



Somo la leo: Mwanzo 9:20-27.

Nuhu alikunywa divai, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu akaona. Angeweza kuokota nguo amfunike babake. Badala yake alitoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika mzee bila kumtazama.

Ndugu yangu, angalia hapa. Hamu HAKUSEMA UONGO. Kila neno lilikuwa kweli. Na bado laana iliangukia nyumba yake. Kwa hivyo usiniambie, "Pasta, lakini ni ukweli!" Ukweli unaweza kusemwa kwa roho ya Hamu.

Nasema haya kwa sababu ya kile mnachotazama. Dada anaanza na video za mapishi, nywele, nguo, nyumba yake. Ni maisha yake, anaonyesha anachotaka. Halafu watazamaji wanapungua. Siku moja anakaa mbele ya simu na kuchambua ndoa ya msanii iliyovunjika. Video hiyo inatazamwa kuliko mapishi ya mwaka mzima. Kesho yake sufuria haiguswi tena. Sasa anaitwa mchambuzi wa burudani.

Kuchambua burudani si dhambi. Wimbo umeletwa sokoni, upime. Filamu ni mbaya, sema ni mbaya. Lakini kitanda cha mwimbaji hakikuletwa sokoni! Sisi watu wa Kianjai tunaelewa. Ukivuna miraa ya shamba lako, hiyo ni mali yako. Ukiruka ua usiku ukavuna ya jirani, huwezi kusema umepanua biashara. Umeiba. Aliyekuwa akiuza maisha yake na sasa anauza ya wengine ameruka ua.

Tumeona inakofikia. Edgar Obare alianza na video za YouTube kama vijana wengine, kisha akajulikana Kenya nzima kwa kutoa siri za watu maarufu. Mwaka 2020 alifikishwa mahakamani kwa madai ya kuchapisha stakabadhi za usafiri za mwenzake wa mtandaoni, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mimi si hakimu wake. Lakini jiulize: serikali ya wanadamu imeona kwamba habari za mtu ni mali yake, na mtu aliyeokoka bado hajaona? Mambo ya Walawi 19:16 ilikataza kuzunguka na umbea kabla Kenya haijakuwa na Bunge.

Mtu atasema, "Pasta, hao wanafichua maovu." Ni kweli, Waefeso 5:11 inatuagiza kuyakemea matendo ya giza. Obare huyo huyo alichapisha mwaka 2021 habari za wash wash. Hapo sina ugomvi. Tapeli ana watu aliowaumiza, na wanastahili kutetewa. Lakini ujauzito wa mwigizaji umemtapeli nani? Talaka ya mchekeshaji imekula pesa ya nani?

Tena, Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayesema wa kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Hata wazee wa Njuri Ncheke pale Nchiru, ambao hatupatani nao kwa mambo ya viapo, hawakati kesi kwa kusikiliza upande mmoja. Wewe unakata kesi kwa skrinishoti moja, ukiwa kwenye matatu ya kwenda Maua!

Na sasa nageukia kanisa, kwa sababu moto bila kuni huzimika (Mithali 26:20). KUNI NI WEWE. Anayeongea analipwa kwa sababu wewe unatazama. Pesa hizo ni za kweli kiasi kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 juu ya mapato ya maudhui ya mtandaoni. Unanunua bando, unabonyeza, unatuma kwenye kundi la akina mama wa kanisa ukiandika, "Tumuombee dada huyu." Mama, hujamuombea. Umemvua nguo ukiwa umepiga magoti.

1 Timotheo 5:13 inawataja waliozoea kuzunguka nyumba kwa nyumba wakinena yasiyowapasa. Siku hizi hawahitaji kutembea. Nyumba zote ziko mkononi.

Wiki hii fanya mambo matatu. Acha kumfuata mmoja anayeishi kwa aibu za watu. Futa ulichotaka kusambaza. Na kijana wetu unayetengeneza video, rudi jikoni kwako, rudi shambani kwako. Watazamaji 50 wa halali ni baraka kuliko 50,000 waliokuja kuona uchi wa mtu.

Baba, tupe roho ya Shemu na Yafethi. Tupe nguo mkononi, na miguu ya kurudi nyuma. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA. Kisha weka simu chini.