Tiba ya Moyo Haiishii Hospitalini
Moyo huongozwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo ukipita njia isiyo yake, mapigo huenda mbio. Ili kuliondoa tatizo hilo, daktari bingwa hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena hadi moyoni, akaiunguza njia hiyo potofu.

Tangu mwaka 2015 Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Hata hivyo, ufundi wa daktari ni nusu ya tiba. Nusu nyingine i mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake. Mkwezi wa minazi wa Mwera, wilayani Pangani, akipata tiba hiyo, hana budi kutokula kwa saa alizoagizwa, wala asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Baadaye, kwa muda wa wiki moja hivi, asikwee wala asibebe mzigo, jeraha lisije likavuja damu. Mapigo yakirukaruka majuma ya mwanzo, si lazima tiba imeshindwa. Lakini akizimia au akiumwa kifua, apelekwe hospitali mara moja.

Yafaa mambo haya yafundishwe pamoja na mzunguko wa damu katika somo la Biolojia. Mwanafunzi ayajuaye ndiye atakayemzuia babaye asiparamie mnazi siku ya tatu.