Sura ya Mtoto Sio Kiki, Mchoreni!

Wadau wangu, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na kuna watu nataka wasome hii mpaka mwisho hata kama baadaye wataniblok.

Mastaa wetu wana tabia moja. Ikikaribia Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, ghafla wanakumbuka kuna mkoa unaitwa Mara. Staa anafunga safari na mpiga picha wake, kabeba sabuni, sukari na taulo za kike. Anatafutiwa binti aliyekimbia kukeketwa. Binti ana miaka 12 hivi, hajui hata huyu mtu ni nani. Anakumbatiwa, anaulizwa "ilikuwaje mdogo wangu?", analia, na kamera inasogea mpaka unaona machozi yanavyoteremka. Usiku klipu iko hewani na kinanda cha huzuni juu yake. Sura ya mtoto ipo, jina lake lipo, na kijiji chao kimeandikwa chini kwa herufi kubwa. Watu wanaweka emoji za kulia, staa anapata wafuasi wapya, maisha yanaendelea.

Sitaji majina. Nyie wenyewe mnawajua na wao wenyewe wanajijua.

Kwa ambao sio watu wa huku niwaeleze kwanza. Kwa koo nyingi za Wakurya, msimu wa kukeketa mabinti unakuja mwisho wa mwaka shule zikiwa zimefungwa, na mara nyingi ni ule mwaka unaogawanyika kwa mbili. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta hapa Mara wanawake 32 kati ya kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Kwa nchi nzima ilikuwa 10 kati ya 100. Na sheria tunayo tangu 1998: ukimkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 unakula kifungo kuanzia miaka 5 hadi 15. Sheria ipo na msimu nao upo, na katikati yake kuna watoto wanakimbia usiku. Wapo wanaopokelewa kwenye nyumba salama, kama ile ya Mugumu kule Serengeti na ile ya Kiabakari hapa Butiama. Hao wanaowapokea nawavulia kofia.

Sasa jiulize, baada ya ile klipu nini kinafuata? Msimu ukiisha mtoto anatakiwa arudi nyumbani. Watu wazima wanakaa na wazazi wake, wanaongea, wanabembelezana mpaka kieleweke. Je, baba ambaye binti yake ameonekana na nchi nzima akisema "baba alitaka kunikata" atakaa kwenye hicho kikao? Na kama kesi imeenda mahakamani, huyo binti ni shahidi. Umemwonyesha shahidi wa kesi kwa kila mtu mwenye bando. Akifika miaka 20, anatafuta kazi Mwanza au mchumba Musoma mjini, mtu anaandika jina lake mtandaoni na inatoka ile video. Staa wetu wakati huo ameshahamia kwenye biashara ya mawigi.

Na msiniambie binti alikubali. Mtoto wa miaka 12 aliyelala porini jana yake atamkatalia nani? Ibara ya 16 ya Katiba yetu inasema kila mtu anastahili faragha yake kuheshimiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Mimi shule niliishia kidato cha nne na nimeelewa. Wewe mwenye meneja na mwanasheria umeshindwa nini?

HALAFU MNASAHAU MARAFIKI

Hizi klipu zote zina watu wawili tu, mtoto anayelia na mkombozi mwenye miwani ya jua. Hakuna hata moja inayomuuliza binti: rafiki yako yuko wapi?

Hapo ndipo penye giza lenyewe. Binti ambaye hajakeketwa anaitwa msagane. Kwa Kikurya ni binti asiyekeketwa, lakini likitamkwa kisimani au njiani kwenda shule ni tusi. Wasichana wawili wamekua pamoja, wamechota maji pamoja, wamecheza rede na kombolela mpaka giza linaingia. Desemba inafika. Mmoja anapelekwa, anarudi na zawadi na kanga mpya, anaitwa mtu mzima. Mwingine bado "mtoto". Kuanzia hapo aliyekatwa anaambiwa asicheze tena na msagane, na yeye mwenyewe, akiwa na maumivu yake ambayo hana wa kumwambia, anaanza kumcheka mwenzake. Au mmoja anakimbia na mwingine anabaki, na aliyebaki anaulizwa usiku kucha: rafiki yako kaenda wapi?

Aseme au asiseme? Hiyo ndiyo filamu, jamani. Dakika sita tu zinatosha. Kila mtu aliyewahi kuwa na rafiki utotoni ataielewa, awe Mkurya, Mzanaki, Mjita au mtu wa Kariakoo. Na hiyo filamu huwezi kuipiga kwa kumwekea kamera usoni mtoto aliyepitia hayo. Ukiifanya hivyo umemuumiza mara ya pili.

MCHORENI

Ninachosema ni hiki: filamu fupi inayochanganya video ya kawaida na michoro inayotembea. Mahali paonekane kama palivyo. Piga stendi ya Bweri alfajiri, piga Bunda malori yanapopita kwenda Sirari, piga mawe ya Butiama na ile njia ya vumbi, piga dagaa wakianikwa ufukweni Musoma. Ila watoto wachorwe. Sauti ziigizwe na watu wazima. Majina yabadilishwe. Stori ibaki ya kweli na mtoto abaki salama.

Najua majibu yenu. Nimeshayasikia.

La kwanza: "Katuni ni za watoto." Produsa mmoja wa huku kwetu aliniambia hivyo huku anacheka, akaongeza nikaangalie Ubongo Kids. Nimeangalia, kaka. Ubongo Kids ilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam na imefundisha hesabu watoto wengi kuliko wewe ulivyowahi kumfundisha mtu chochote. Inaonyesha Watanzania tunaweza kuchora. Nani kasema tukishajua kuchora tuishie kwenye kujumlisha na kutoa? Vukeni mpaka hapo Kenya. Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012, filamu ya dakika kama saba. Kachanganya watu halisi na michoro, na mada yenyewe ni wanawake na wasichana wa Kiafrika wanavyofundishwa kuichukia ngozi yao. Hakuna mtoto anayewekewa hiyo ili anywe uji. Huyo huyo Mukii mwaka 2023 alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto kwenye Disney+. Sasa nani anachekesha hapa?

La pili: "Bila sura halisi watu hawaamini." Mwaka 2021 ilitoka filamu ya Denmark inaitwa Flee. Mwongozaji, Jonas Poher Rasmussen, anasimulia maisha ya rafiki yake aliyekimbia Afghanistan akiwa mtoto. Walijuana tangu wakiwa vijana wa shule. Rafiki hakutaka sura yake wala jina lake vijulikane, kwa hiyo akachorwa na akapewa jina lingine, na katikati ya michoro wakaweka picha halisi za habari za miaka ile. Sauti unayoisikia ni yake. Mwaka 2022 ikaingia kuwania tuzo tatu za Oscar kwa mpigo: dokumentari, katuni na filamu ya kimataifa. Dunia nzima iliamini, na hakuna aliyedai kuona kitambulisho. Watu waliamini kwa sababu yule rafiki alipewa muda wa kuongea, na aliyekuwa anamsikiliza ni mtu anayempenda. Staa wetu huwa anakaa na binti dakika ngapi?

Kuhusu Mara yenyewe ipo In the Name of Your Daughter ya 2018, ya Giselle Portenier, iliyopigwa kule Mugumu, na humo watoto wenyewe wanaonekana. Ile ni dokumentari ndefu na imefanya dunia ijue kinachoendelea. Lakini ilishafanyika. Hakuna sababu ya kila mwenye simu kuja kurudia kazi ile kwa klipu ya sekunde 60.

La tatu: "Hatuna hela." Haya tupige hesabu. Michoro 12 kwa sekunde inatosha macho yaone kitu kinatembea. Dakika moja ni michoro 720. Filamu yetu ni dakika sita, na kwa sababu tumechanganya na video ya kawaida, tuseme zinazochorwa ni dakika mbili tu. Hiyo ni michoro 1,440. Vijana watatu kwa siku 60, kila mmoja anachora minane kwa siku. Minane! Kuna watu humu mnaposti zaidi ya hapo kabla ya saa sita mchana. Kama huwezi kuchora mtu akitembea, mrekodi dada mtu mzima anaigiza, halafu chora juu ya ile video, fremu moja baada ya nyingine. Blender na Krita ni programu za bure. Simu ya kawaida inapiga picha za makaratasi. Hela uliyokodia gari la kifahari kutoka Mwanza ingewalisha hao vijana watatu mpaka filamu iishe.

La nne, na hili linasemwa na wazee wetu na vijana wenye vyeo vidogo vidogo: "Mnauchafua mkoa. Tangazeni Serengeti, tangazeni samaki." Serengeti naitangaza kila siku, na sato wa Musoma simbadilishi na kitu. Lakini kukaa kimya hakujawahi kupunguza hata mmoja kati ya wale 32. Mkoa unachafuliwa na kisu, mchoraji hana kosa.

Na kwa wanaosema "hizo ni sanaa za wazungu", naomba muende Butiama. Mtoto wa Butiama, Mwalimu Nyerere, akiwa kiongozi wa nchi na kazi zimemjaa, alikaa akaitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1963. Ile ni tamthilia ambayo rafiki anamchoma rafiki yake kisu. Mwalimu hakusema stori ya giza sio ya kwetu. Aliileta kwenye lugha yetu ili tuione wenyewe. Leo mjukuu wake wa kijiji kile kile anaogopa kuchora wasichana wawili na kisima?

Kwa mastaa, sijasema msije. Njooni. Leteni sukari, mabinti wanahitaji. Leteni taulo za kike, ada, madaftari. Kamera iacheni kwenye gari. Mkitaka kuonekana mmefanya jambo, mlipeni mchoraji wa Musoma, mlipeni mwandishi wa Bunda, mlipeni msichana wa Butiama aliyemaliza shule na ana sauti nzuri aigize. Filamu ikitoka jina lako litakuwepo mwishoni kabisa, kwenye "wamefadhili". Kama hapo mwishoni ni padogo kwako, basi tujue ulikuja kwa ajili ya nini.

Na kwa vijana wenzangu wenye vipaji mnaochora magari na Goku kwenye madaftari, acheni kusubiri mtu wa Dar. Mnazijua hizi njia. Mnajua kombolela inavyochezwa: wote wamejificha, wengine wameshakamatwa, na akitokea mmoja akawahi kugusa bila kuonekana, anawakomboa wote. Anzeni na mchezo huo huo, wasichana wawili, jioni, wamejificha. Mmoja anasikia mama yake anamwita na sauti sio ya kawaida. Sihitaji kuwaandikia kilichobaki.

Haya, uwanja wenu hapo chini. Mnaopinga njooni na hoja, sio matusi. Mnaojua kuchora semeni mko wapi, tuunganishane kabla Desemba haijafika. Ila nina sharti moja: hapa kwangu asitajwe mtoto wa mtu kwa jina, na ukiweka ile klipu naifuta.