Amani ya Wajir ilianzia sokoni, isije ikafia mpakani

Husemwa kwamba damu ni nzito kuliko maji. Aliyelitunga neno hilo, nadhani, hakuwahi kuchunga ngamia Tarbaj wakati wa kiangazi. Huko mwenye nasaba ndefu na mifugo tele hulazimika kumwendea mtu wa ukoo mwingine kumwomba kisima, na mwenye kisima hukubali akijua kwamba mwakani huenda mvua ikanyesha upande wa pili, na yeye ndiye atakayebisha hodi.

Kwa hiyo ujirani katika nchi ile si hisani, bali ni akiba. Mkulima wa Kiambu anaweza kununiana na jirani yake wa ng'ambo ya ua kwa miaka ishirini, na asife njaa hata mmoja wao. Mfugaji wa Tarbaj hubadilisha majirani kila msimu. Kabla ya kuhama, vijana hutumwa kupeleleza malisho, na wazee hutangulia kuomba idhini kwa wale watakaowakuta. Anayegombana na jirani amejifungia malisho ya mwaka kesho.

Akiba hiyo imewahi kufujwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukame na uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 vilipoandamana, koo za Wajir zilipigana vikali. Uhasama ukaingia hata katika soko la mjini, wanawake wa ukoo mmoja wakakataa kuuziana na wa ukoo mwingine. Serikali haikuwa mpatanishi wa kutegemewa: watu walikuwa hawajasahau waliouawa na wanajeshi katika uwanja wa ndege wa Wagalla mnamo Februari 1984.

Marehemu Dekha Ibrahim Abdi alisimulia jinsi alivyojificha na mwanawe chini ya kitanda usiku wa risasi mwaka 1993, na jinsi mamaye alivyomwambia kwamba miaka ya sitini yeye naye alijificha vivyo hivyo akiwa na Dekha mchanga. Yeye na wenzake wachache wakaanza na soko. Walisimamia wenyewe kuhakikisha kwamba kila mwanamke, awe wa ukoo upi, anauza na kununua bila kufukuzwa. Kisha wakawaendea wazee, na wazee wa koo ndogo, ambazo hazikuwa vitani, wakawa wapatanishi. Mwaka huohuo likatolewa Azimio la Al-Fatah. Mwaka 1995 kamati ya amani ikaingizwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Wilaya. Zingatia mpangilio, msomaji: soko kwanza, wazee baadaye, ofisi mwisho. Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki Julai 2011 kufuatia ajali ya barabarani.

Sisemi kwamba mapatano ya kimila hayana dosari. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakusanya wafugaji wa wilaya kadhaa za kaskazini, liliweka dia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 50 kwa mwanamke. Ukoo wote hulipa, na hapo muuaji aweza kujificha nyuma ya mifugo ya binamu zake. Na ni ajabu iliyoje kwamba wale walioanzisha amani sokoni wahesabiwe nusu mtu katika mapatano yaliyofuata nyayo zao! Hata hivyo, katika nchi ambako kituo cha polisi kiko mwendo wa siku kutoka kwenye malisho, dia imezuia visasi vingi ambavyo mahakama isingeviwahi.

Linalonitia hofu zaidi ni ramani. Jimbo la Tarbaj lilimegwa kutoka Wajir Mashariki na kumchagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013, mwaka uleule kaunti zilipoanza kazi. Ugatuzi umeleta zahanati na visima, na hilo ni jema. Lakini kila kisima kipya huvuta makazi, makazi huzaa kituo cha kupigia kura, na kituo hicho huhesabiwa kuwa mali ya ukoo. Malisho yaliyokuwa ya kuombana yamegeuka ya kumilikiwa. Mwaka 2014 Wadegodia na Wagarre walipigana mipakani mwa Wajir na Mandera, watu wakauawa na maelfu wakahama. Kutulo, mji ulio katika njia ya kutoka Tarbaj kwenda El Wak, umedaiwa na pande zote mbili.

Wanasiasa husema dawa ni kupiga bikoni, kila mtu ajue kwake. Mimi nasema bikoni ziwaonyeshe makarani mahali pa kukusanyia kodi, basi. Misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, ngamia hawakuuliza kaunti. Kabla mpima ardhi hajafika Kutulo, magavana wawili wawaketishe wazee wa pande mbili waandikiane nani atanywesha wapi, mwezi gani, na kwa masharti gani. Na wanawake wanaouza maziwa Kutulo wawe ndani ya kikao hicho, si nje wakipika chai.